Mdogo wako akitoka gereza la Kasapa: anzeni na lupango, yaani nyumba na watu wake, kazi ije nyuma

Yaya, umeandika kwamba mdogo wako anakaribia kumaliza miaka 3 pale Kasapa kwa kesi ya wizi, na nyumbani mnabishana: baba anataka atafutiwe kazi haraka, mama anataka apelekwe kwenye maombi, wewe hujui muanzie wapi. Mimi niko katika kikundi cha parokia kinachotembelea wafungwa hapa Lubumbashi, na vijana wengi tuliowapokea walikuwa na kesi kama hiyo. Jibu langu litamuudhi baba kidogo. Kazi ni ya baadaye. Kwanza tengenezeni lupango anamorudi.

Ila kabla ya lupango kuna karatasi, maana zenyewe hazingoji. Nenda kwa karani wa gereza, pale grefe, na nakala ya hukumu. Hakikisha siku alizokaa ndani kabla ya kuhukumiwa zimehesabiwa, kwa sababu kisheria zinatolewa kwenye kifungo. Halafu soma mistari ya mwisho, ile watu hawasomagi: faini, gharama za mahakama, fidia ya aliyeibiwa. Kama hazikulipwa, hukumu yenyewe inataja siku atakazoongezewa. Nimeona familia imekodi taksi na imepika, kumbe mtu wao hatoki siku hiyo, kwa faini ambayo wangeweza kuilipa kidogo kidogo tangu mwanzo.

Kwa wengine wanaosoma hapa na ndugu zao bado wana safari ndefu: kifungu cha 35 cha sheria ya makosa ya jinai kinaruhusu mfungwa kuachiliwa kwa masharti akishamaliza robo ya kifungo, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Kwa aliyehukumiwa miaka 3, robo ni miezi 9. Uamuzi unatoka kwa waziri wa sheria Kinshasa, na barua zinatembea polepole, kwa hiyo usingoje robo itimie ndipo uanze kuuliza. Na kama ndugu yako hajahukumiwa bado, kama ilivyo kwa wengi walio ndani ya magereza yetu, usihesabu tarehe yoyote. Anaweza kufunguliwa mchana wowote bila nyinyi kuambiwa. Nguo safi na pesa ya usafiri viwe tayari kwa mtu anayekaa karibu.

Siku akitoka, asiondoke mlangoni bila karatasi ya kufunguliwa. Itoeni fotokopi nyingi, moja akae nayo mfukoni; akisimamishwa usiku, ndiyo itakayoonyesha kwamba hakutoroka. Kadi ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, huenda hana, maana CENI, tume ya uchaguzi, ilipoandikisha watu mwaka 2023 yeye labda alikuwa tayari mikononi mwa polisi au ndani. Anzeni kuulizia komini, ofisi ya manispaa, mapema. Kuna ofisi moja iliyotuzungusha kwa karatasi ya makazi mpaka kijana akakata tamaa, akaenda kuishi kwa rafiki waliyefungwa naye. Unajua mwenyewe hapo habari inaelekea wapi.

Jambo la afya nalo usilipuuze. Muulize kama anakohoa kwa muda mrefu, kama anatoka jasho usiku. Kifua kikuu kinapenda sehemu zilizojaa watu. Matibabu yake ya kawaida ni miezi 6 na dawa ni za bure, lakini akitoka katikati ya matibabu bila barua ya kumhamishia kituo cha afya cha kwenu, ataziacha. Iombeni kwa muuguzi wa gereza kabla.

Sasa lupango. Watoto wake mmewaambia nini? Nauliza kwa sababu karibu kila nyumba tunayoingia wameambiwa papa, yaani baba yao, yuko Kolwezi kwenye migodi anatafuta kobalti. Papa wa Kolwezi anategemewa kurudi na baiskeli, na viatu vya shule. Huyu atarudi na mfuko wa plastiki na upele mikononi. Na majirani wanajua, watoto wao wanajua, siku wakigombana kwenye mpira watasema. Waambieni sasa, kwa maneno machache, na aliye mkubwa kuliko wote mpelekeni kumwona kama itawezekana. Kuna kijana tuliyemsindikiza mpaka Katuba. Binti yake alimsalimia "jambo papa mkubwa", kama mgeni, akakimbilia jikoni. Yule kijana alikaa kwenye kiti huku mgongo umeegemea ukuta, macho mlangoni, akala bukari (ugali) na samaki tomsoni kwa haraka kama kuna mtu atamnyang'anya sahani. Halafu akamuuliza mama yake ruhusa ya kwenda chooni. Mama akacheka, akadhani ni mzaha. Waelezeni watu wa nyumbani mapema kwamba mambo ya namna hii yatatokea: kuamka saa kumi usiku, kushtuka funguo zikilia, kukaa bila kuongea. Asichekwe, na asihojiwe kila jioni.

Halafu avenyu, yaani mtaa wenu. Nendeni kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, kabla mdogo wako hajatoka, nyinyi wakubwa wa familia, mkaseme wazi: mtoto wetu anarudi, amemaliza adhabu yake, akikosea tuiteni sisi kwanza. Hamwendi kumnyenyekea mtu. Hapa kwetu mnajua redio ya mtu ikipotea usiku inakuwaje: kabla ya polisi kufika watu wameshashika mawe, na jina la kwanza wanaloita ni la yule aliyetoka buloko, yaani jela. Shefu aliyekwisha kuongea nanyi anaweza kuinua mkono akasema ngojeni.

Aliyeibiwa naye ni mtu wa kumfikia, lakini si mdogo wako aende peke yake. Atangulie mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Hata kama fidia imebaki, ahadi ya kulipa kidogo kila mwezi, iliyoandikwa na mashahidi, inafungua njia ya kupita mbele ya ule mlango bila kutukanwa.

Kuhusu kazi, nitasema kifupi. Kama alijifunza kushona au useremala ndani, vizuri, ila msimpe mashine mkononi wiki ya kwanza. Nimeona vyerehani vikiuzwa sokoni kwa sababu nyumbani kulikuwa na njaa, na hata mimi ningeuza. Afadhali akae kwa fundi mwenye atelie karibu, mtu wa kusudea (kuchomelea vyuma) au wa pikipiki, alipwe kwa siku hata kidogo. Akisema anataka kwenda machimboni, mzuieni miezi ya mwanzo mkiweza: kule pesa inaingia mara moja, lutuku, pombe kali ya kienyeji, iko karibu, na hakuna hata mmoja anayemjua mama yake. Maombi ya mama sina neno nayo, mradi pasitor asimsimamishe mbele ya kanisa kutoa ushuhuda Jumapili ya kwanza.

Neno la pembeni kwa wenye dada au binti ndani: foleni ya kutembelea wanaume imejaa wake na mama zao, ya wanawake huwa fupi. Nendeni.

Yaya, niandikie mambo mawili nikusaidie zaidi: hukumu inasema fidia ni kiasi gani, na yule aliyeibiwa anakaa bado kwenye avenyu yenu au alihama? Kama bado yupo, na kuna mujomba au shangazi upande wa Ruashi au Kampemba anayeweza kumpokea kwa miezi ya kwanza, mpango wote unabadilika.