Hapa Hakuna Anijuaye

SWALI: Asalam aleikum Mwalimu. Mimi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nimemlea mtoto wa dadangu tangu mdogo na hapa mtaani kila mtu alikuwa akimsifu, akikutana na mzee uchochoroni ampisha na kumbusu mkono, sijaletewa kesi yake hata siku moja. Sasa ako Mombasa, auza dukani kwa mtu. Juzi nimeenda kumtembelea nikakaa pale dukani, akaja bibi mmoja mtu mzima kununua vitunguu, nikamuona kwa macho yangu amebonyeza mizani kwa kidole. Wallahi niliona haya mimi! Kumuuliza, eti "mama, hapa hakuna anijuaye". Je Mwalimu, ule wema wake wa Lamu ulikuwa wema kweli ama ni kuogopa majirani tu?

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Hili swali watu wabishana nalo zaidi ya miaka 2,000 sasa. Plato, yule Mgiriki, aliandika kisa cha mchungaji aliyeokota pete, akiizungusha kidoleni haonekani, basi akaingia kwa mfalme akamchukua mkewe, akamuua huyo mfalme na ufalme akatwaa. Sasa ukimpa mtu mwema pete kama ile, atabaki mwema? Mwanao pete yake ni Mombasa.

Na macho ya watu yana nguvu, usicheze. Mwaka 2006 watafiti wa chuo kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha jaribio lao la chumba cha chai, pale kila mtu ajimiminia halafu atia pesa mwenyewe kwenye kisanduku. Wiki moja juu ya bei waliweka picha ya maua, wiki ya pili picha ya macho ya mtu, na wiki za macho pesa zilikuwa karibu mara 3. Macho ya karatasi hayo! (Waliorudia mambo kama haya baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hivyo tusitie chumvi.)

Mimi haya siidharau, Mtume kasema haya ni sehemu ya imani. Aristotle naye, mwanafunzi wa Plato, aliisifu kwa vijana, lakini mtu mzima akamtaka asifanye kabisa la kumtia haya, na akasema mtu huwa muadilifu kwa kutenda uadilifu, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga. Kwa hivyo kule kubusu mikono hakukupotea bure mamangu, alikuwa ajizoeza. Ila sisi wazazi wa pwani twawaambia sana watoto "watu watasema nini", na yule aliyepunjwa, aliyehesabu shilingi zake mara mbili kabla ya kutoka nyumbani, hatumtaji. Na lile la ihsani, umuabudu Mungu kana kwamba wamuona, maana kama humuoni Yeye akuona, twalisomesha madrasa halafu dukani hatulifikishi.

Sasa kwanza muulize kama ni yeye ama ni tajiri wake amemuamrisha, manake hizo ni kesi mbili. Halafu mwambie afungue sura ya 83, Al-Mutaffifin, mwanzo wake ni hao hao wapunjaji wa vipimo, nadhani aijua kwa moyo. Na ukimpigia simu ngoja usiku akishafunga duka, usimuaibishe mbele ya wateja.