Afisa ustawi kaandika uongo kwenye ripoti, nikimlalamikia uamuzi utafutwa?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi na mume wangu tuliachana, kesi ya nani akae na mtoto ikaenda mahakamani na mahakama ikaagiza ripoti ya ustawi wa jamii. Afisa alikuja nyumbani mara moja tu, akaandika kwamba nilikataa kumwonyesha anapolala mtoto wakati hakuniuliza kabisa. Halafu mambo ya afya yangu niliyomwambia kwa siri nayasikia kwa mawifi. Mtoto kapewa baba yake. Kuna mtu anasema nimlipe, ataniandikia lalamiko zito kwenye baraza la taaluma na uamuzi utafutwa. Nimpe hela?

JIBU: Pole sana dada yangu. Hela usimpe. Huyo mtu ama hajui anachokisema ama anajua na anakudanganya, na sijui kipi kibaya zaidi, maana wakati wewe unasubiri hilo lalamiko lake zito lijibiwe siku za kukata rufaa zinahesabika, na zikiisha ndo utaanza kuomba ruhusa ya kuchelewa na kujieleza ulikuwa wapi muda wote huo.

Hii kitu naikuta kila siku. Watu wanadhani ukimlalamikia afisa na akakutwa na kosa basi kila alichokigusa kinafutika. Hapana. Lalamiko la maadili linamhusu afisa, halihusu uamuzi. Baraza linajiuliza huyu mtu anafaa kuendelea na kazi, na kama anafaa je aendelee bila masharti au awekewe. Linaweza kumpa onyo, kumsimamisha, au kumfuta kabisa kwenye daftari la waliosajiliwa, na hata likimfuta kesho asubuhi amri ya mahakama kuhusu mtoto inabaki palepale mpaka mahakama yenyewe iiguse. Kule England wana chombo kinaitwa Social Work England, kilianza kazi Desemba 2019, kina wapelelezi na kina mamlaka ya kumfungia mtu kazi, lakini nacho hakina uwezo wa kubatilisha uamuzi wa mahakama.

Kwa hiyo cha kwanza leo hii ni wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, muulize siku za rufaa zimebaki ngapi. Uongo wa kwenye ripoti unapingwa mahakamani, ndiko mwandishi wa ripoti anakoweza kuitwa aulizwe maswali uso kwa uso: ulifika saa ngapi, uliingia vyumba vipi, notsi zako za siku hiyo ziko wapi.

Sasa lalamiko lenyewe. Lipeleke tu, kwa mwajiri wake na kwa baraza kama lipo huko uliko, ila tenganisha mambo. Afisa kuona nyumba ya baba inafaa zaidi ni maoni yake ya kitaalamu, hata yakikuuma, na lalamiko linaloshambulia maoni peke yake mara nyingi halifiki mbali. Kuandika kwamba ulikataa kitu ambacho hukuulizwa ni habari nyingine kabisa, hiyo ni kughushi kumbukumbu na hakuna mwajiri makini atakayeipuuza, hasa kama kuna mtu mwingine alikuwepo nyumbani siku hiyo na yuko tayari kuandika alichokiona.

La siri ndo zito zaidi, lakini subiri kidogo. Tamko la maadili la shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa ustawi wa jamii, lililopitishwa 2018, linalinda siri na faragha za watu isipokuwa pale penye hatari ya mtu kudhurika au sheria inapodai vingine. Sasa chukua ripoti uisome tena mstari kwa mstari. Hayo mambo ya afya yako yameandikwa humo? Kama yameandikwa, kumbuka ripoti kwa kawaida inasomwa na pande zote mbili, kwa hiyo inawezekana mawifi wameyapata kwa kaka yao na afisa hajamwambia mtu chochote. Kama hayamo na bado wanayajua, na hukumwambia mtu mwingine, hapo una kitu mkononi. Andika nani alikuambia, lini, kwa maneno gani. Hiyo peke yake inazidi kurasa kumi na nne za matusi.

Na hizo kurasa kumi na nne sitanii, ndo barua za hawa vishoka zilivyo. Kichwa cha habari herufi kubwa tupu, vifungu vya sheria visivyohusika, afisa anaitwa muuaji wa familia, halafu ukifika aya ya tatu unakuta jina la mteja mwingine halijafutwa au mtoto wa kiume amegeuka wa kike. Yaani wameinakili kutoka barua ya jana. Anayepokea malalamiko akishaona hivyo ana kazi ya ziada kutafuta kama ndani kuna ukweli, na wengine hawatafuti. Ukurasa mmoja au miwili inatosha: tarehe, alichofanya, nani aliona, una karatasi gani. Nakala unabaki nayo.

Kuna pia wale wanaokuambia rusha ripoti nzima kwenye grupu la WhatsApp watu wajionee. Ile ni nyaraka ya kesi ya mtoto, ukiirusha wewe ndo utaulizwa kuhusu siri. Na wanaokuambia lalamika bila jina, kwa lalamiko kama lako haliendi, maana afisa ana haki ya kuonyeshwa anachotuhumiwa ili ajibu, na akisoma tu habari ya ile ziara atajua ni wewe. Akikufuata mkae chini myamalize kwa hela useme umefuta lalamiko, usikubali. Baraza linaweza kuendelea bila wewe, na hiyo hela itaonekana kama ulikuwa unamtishia.

Kama ushasaini chochote kwa huyo mtu wako, kidai kirudi kabla hajakipeleka popote, maana kila uongo atakaoutia humo utakuwa na sahihi yako chini.