Chai ni chai, dada, usiivalishe suti

Dada wa kibanda cha chai, pole. Nimekuelewa: binamu anataka uache vikombe na sahani zako, uweke vibao vya mbao, glasi ndefu na menyu ya kuskani kwa simu, halafu chai ya maziwa ipande kutoka 500 hadi 1,500 kwa sababu sasa inaitwa "latte", jina la kizungu la kahawa ya maziwa. Na mkopo uko mlangoni.

Mimi nilishapita hapo. Nilikata chapati pembetatu, nikazipanga kwenye ubao na kachumbari kiduchu pembeni. Bodaboda mmoja akaniuliza, "Mama, nyingine iko wapi?" Mteja wa saa kumi na mbili asubuhi ana haraka; anataka chai ya moto yenye tangawizi, chapati laini na chenji yake. Ubao wenyewe ulinywa mafuta ukaanza kunuka. Kuusugua ni kazi kuliko kupika.

Ukiwa na hela, nunua chupa nzuri za chai, ndoo ya kunawia yenye koki, na benchi moja zaidi. Bei iandike kwa chaki, herufi kubwa. Lipa namba bandika ukutani, basi.

Hizo glasi jaribu sita tu, wiki mbili, uandike kwenye daftari nani kaagiza.

Mkopo usisaini kabla hujajua rejesho la wiki na faida yako halisi ya siku. Biashara ikikua, pita TRA, mamlaka ya mapato, uulize habari za mashine ya risiti. Binamu mkaribishe chai. Alipe.