Mimba kazini, binti aliyeacha shule, na nyumba yenye jina la mume

Majibu ya safari hii yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ajira na ardhi, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asiyachukue yalivyo.

Natarajia kujifungua 30 Novemba. Afisa utumishi anasema nitumie kwanza likizo ya mwaka, eti itahesabiwa humo humo kwenye ya uzazi. Ni sawa?

Si sawa. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya uzazi ni nyingine kabisa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kuifanya moja izibe pengo la nyingine. Ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ni siku za kalenda, kwa hiyo Jumapili na sikukuu zimo.

Taarifa impate mwajiri miezi mitatu kabla. Kwako isivuke 30 Agosti, na iambatane na cheti cha daktari kinachotaja tarehe ya matarajio. Andika nakala mbili, moja igongwe mhuri wa mapokezi ukae nayo. Ujumbe wa WhatsApp kwa msimamizi wa zamu ni bora kuliko kunyamaza, lakini msimamizi akihama kazi, ushahidi wako umehama naye.

Tarehe ya kuanza ndiyo inayowaponza wengi. Unaruhusiwa kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, na ofisi nyingi humsukuma mjamzito aondoke siku hiyo hiyo ya kwanza. Piga hesabu. Ukianza 2 Novemba, siku 84 zinaisha 24 Januari, na unarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8. Ukianza 23 Novemba, unarudi 15 Februari, mtoto ana wiki 11. Malipo ni yale yale, ila wiki tatu zimehama kutoka kwenye kusubiri kwenda kwenye kunyonyesha. Presha ikipanda, hesabu hii iache. Daktari akiandika, unaweza kuanza hata kabla ya hizo wiki nne. Na usikubali kurudi kabla ya wiki sita tangu kujifungua, hata ukiombwa "uje mara moja tu kufunga hesabu za mwaka", isipokuwa daktari awe amethibitisha kwamba unaweza.

Ukijifungua njiti, marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yanaongeza ule muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito. Ofisi nyingine hazijabadilisha fomu zao, kwa hiyo beba ripoti ya hospitali inayoonyesha mtoto alizaliwa wiki ya ngapi.

Ukisharudi, una hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kunyonyesha. Anayeishi Mbagala, pembeni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, hawezi kwenda na kurudi kwa saa mbili. Wengi huafikiana na mwajiri waingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Makubaliano hayo yaandikwe. Ukikamua kazini, kumbuka kwamba maziwa hayapaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa nne, na katika joto la Dar es Salaam hata hizo ni nyingi. Chukua kiboksi chenye barafu.

Nina miezi minne kazini, bado niko kwenye majaribio. Nilipopeleka cheti cha mimba nikaambiwa kesho yake nisirudi. Rafiki ananiambia sina kesi kwa sababu sijafikisha miezi sita.

Rafiki yako ameshika nusu ya sheria. Asiyetimiza miezi sita hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, na hana haki ya likizo ya uzazi yenye malipo. Lakini ubaguzi ni dai lingine, halina sharti la miezi sita, na mimba imetajwa waziwazi miongoni mwa misingi ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi. Ukionyesha dalili za awali, mfano cheti kimepokelewa tarehe 10 na barua ya kuachishwa ni ya tarehe 11, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mwajiri.

Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ya mkoa uliofanyia kazi, ujaze Fomu Na. 1. Hapa ndipo kesi nyingi hufia: mtu anaandika "kuachishwa kazi", dai linatupwa kwa sababu ya ile miezi sita. Andika ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Nakala umpelekee mwajiri kwanza, naye asaini au agonge mhuri. Akikataa kupokea, itume kwa njia itakayokuachia stakabadhi. Dai la kuachishwa lina siku 30, migogoro mingine siku 60. Wewe fuata 30, usimpe mtu nafasi ya kubishania ni ipi. Ukichelewa kuna Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, nayo inataka sababu nzito. "Nilikuwa nasubiri bosi apunguze hasira" si sababu nzito.

Binti yangu aliacha shule kidato cha pili, akajifungua Machi mwaka huu. Anaruhusiwa kurudi?

Ndiyo. Tangu 24 Novemba 2021, Profesa Joyce Ndalichako alipokuwa Waziri wa Elimu, mlango wa shule uliokuwa umefungwa kwa wasichana waliopata mimba ulifunguliwa, na waraka wa elimu uliofuata ulitoa muda wa miaka miwili tangu mwanafunzi aache masomo. Angalia vizuri hapo: saa inaanza kuhesabu alipoacha shule, na huenda aliacha miezi sita kabla ya kujifungua.

Nenda na barua kwa mkuu wa shule aliyotoka. Kama hataki kukaa na wale waliokuwa wakimcheka, omba uhamisho kupitia kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Kabla ya barua, lakini, amueni nani anabaki na mtoto kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, siku tano za wiki. Ruhusa ni karatasi moja. Anayeshindwa huwa ameshindwa kwenye hili.

Muda ukiwa umepita, kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au njia ya QT: afanye Mtihani wa Maarifa, akifaulu ndipo ajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Nimekuwa mama wa nyumbani miaka 14. Nyumba tunayoishi ina jina la mume, sasa anataka kuiweka rehani benki. Nina sauti gani?

Kubwa kuliko unavyodhani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na benki huomba saini yako. Mambo huharibika mume anapokula kiapo kwamba hajaoa, au anapoleta "mke" mwingine kusaini. Ukihisi hivyo, peleka zuio, yaani ombi rasmi la kuzuia nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani, kwa Msajili wa Hati. Nenda na cheti cha ndoa, namba ya kiwanja na ya hati. Kama ni nyumba ya mkataba wa mauziano tu, bila hati, andika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana huyo ndiye atakayeombwa mhuri. Ulinzi huu ni wa nyumba mnayoishi; kiwanja kingine chenye jina lake hakimo.

Mkifikia talaka, kazi za nyumbani ni mchango. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ajabu ya kesi ile ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: alikuwa amepewa fedha za mradi wa familia, mahakama ikaona amezitapanya. Wanaoitaja kesi hii hupenda kuiruka sehemu hiyo. Tunza stakabadhi zako za saruji, ada na vikoba.

Dada wangu wa kazi ana mimba. Je, haya ya siku 84 yanamhusu na yeye?

Yanamhusu, akiwa ametimiza miezi sita kwako. Sheria ni ile ile unayoitumia wewe ofisini: siku 84 zenye malipo, saa zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na ziada ilipwe mara moja na nusu. Kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, zisimamishwe miezi miwili kabla ya kujifungua. Kama hamna mkataba, andikeni leo, tarehe ya kuanza iwe ile aliyoingia nyumbani kwako kweli, wala si ya leo.