Mpiga eksirei au mtu wa maabara?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Ujiji, Kigoma. Binti wa kaka yangu, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu, anasomea shahada ya uzamivu ng'ambo, na ameniandikia kwamba utafiti wake umo katika picha za uchunguzi wa maradhi na pia katika baiolojia ya molekuli. Jirani yangu anashikilia kwamba huyo ni mpiga eksirei tu, mambo ya molekuli ni ya watu wa maabara. Mtu mmoja anawezaje kuyashika yote mawili?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Zamani jirani yako asingebishiwa. Tangu Wilhelm Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, picha za hospitali zimekuwa zikionyesha zaidi umbo: mfupa uliovunjika, kivuli kwenye pafu, uvimbe tumboni. Lakini seli huanza kubadilika kabla umbo halijabadilika, na watafiti wa fani ya mwanao hutaka picha ionyeshe kinachotendeka ndani ya seli yenyewe.

Chukua kipimo cha PET, yaani picha inayopigwa baada ya mgonjwa kudungwa molekuli zenye mionzi. Katika miaka ya 1920, Otto Warburg wa Ujerumani alionyesha kwamba seli za saratani hutumia glukosi, yaani sukari ya mwilini, kwa pupa. Baadaye wataalamu walitengeneza FDG, molekuli inayofanana na glukosi lakini iliyobebeshwa atomu ya florini yenye mionzi. Seli huipokea kama chakula, kimeng'enya huibandika fosfeti, kisha hatua inayofuata hushindikana na molekuli hubaki humo humo, kama samaki aliyeingia kwenye mgono huko mto Malagarasi. Mashine hunasa mionzi hiyo, na penye ulaji mkubwa hung'aa kwenye picha.

Hata hivyo, kinachong'aa si lazima kiwe saratani. Kifua kikuu nacho hung'aa, kwa kuwa seli za kinga zinazopambana na bakteria nazo hutumia glukosi nyingi, na anayejua picha peke yake anaweza kupotoka vibaya. Hata huku kwetu, eksirei ya kifua yenye shaka hufuatwa na kupima makohozi kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta jeni za bakteria na, kwa muda wa saa mbili hivi, huonyesha pia kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu.

Kwa maoni yangu, sehemu ngumu ya kazi hii haifanyiki kwenye chumba cha picha. Huanza kwa kutafuta protini iliyojaa juu ya seli gonjwa na iliyo adimu kwenye seli nzima, kama PSMA katika saratani ya tezi dume. Kisha hutafutwa molekuli ya kuishika, huunganishwa na atomu ya mionzi, na hujaribiwa kwenye seli, halafu kwa panya, kabla ya kumfikia mgonjwa.

Saa nayo haisubiri, maana nusu ya florini hiyo hupotea kila dakika 110. FDG ya kwanza kudungwa kwa binadamu, mwaka 1976, ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, jimboni New York, ikakimbizwa kwa ndege hadi Philadelphia. Ingepakiwa kwenye treni yetu kutoka Dar es Salaam, ingekwisha nguvu kabla ya kufika Tabora.

Ukimwandikia tena, muulize anafuatilia molekuli ipi, na katika maradhi gani. Jirani yako naye awepo jibu likisomwa.