Elizabeth de Burgh yupi? Ukitaka kumpata fuata ardhi, jina litakupoteza

Mkuu, huo mti wa ukoo aliokutumia shemeji yako, unaosema familia ya mkeo inatokea kwa "Elizabeth de Burgh, malkia wa Uskoti, mwanzilishi wa Clare College, mke wa Lionel mtoto wa mfalme", usiuprinti kwanza. Hapo wanawake watatu wamebandikwa kwenye kiboksi kimoja. Mama mkwe wangu ni mtu wa Suffolk, kule Uingereza, na yeye alikuwa na mti wa aina hiyohiyo kutoka kwa binamu yake, tukauchambua naye muda mrefu tu, jioni baada ya jioni, mpaka mimi mwenyewe nikanogewa.

Wa kwanza ni binti wa Richard de Burgh, Earl (cheo cha ukabaila) wa Ulster kule Ireland. Huyo ndo mke wa Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, Waingereza walimkamata 1306 wakamshikilia mpaka baada ya vita ya Bannockburn, pale Waskoti walipowapiga Waingereza 1314, akafariki 1327. Wa pili, ndo huyo mwanzilishi wa Clare College (chuo kilichopo Cambridge), hakuzaliwa de Burgh kabisa, ni de Clare, kazaliwa 1295, baba yake Gilbert Earl wa Gloucester na mama yake Joan wa Acre, binti wa mfalme Edward I wa Uingereza. Jina la de Burgh kalipata 1308 alipoolewa na John, kaka wa yule malkia, yaani hao wawili ni mawifi. Wa tatu ni mjukuu wa huyu wa pili, kazaliwa 1332, baba yake William akauawa mwaka uliofuata kwa hiyo akairithi Ulster akiwa bado ananyonya, na 1342 wakamwozesha kwa Lionel, mtoto wa Edward III. Sasa piga hesabu, aliyekufa 1327 anaolewaje 1342?

Na bibi na mjukuu ndo wanaosumbua zaidi maana waliishi wakati mmoja. Chaucer yule mshairi, mara ya kwanza kabisa jina lake kuonekana kwenye maandishi ni 1357, kwenye karatasi za matumizi ya nyumba ya Countess (yaani earl wa kike) wa Ulster, kijana ananunuliwa nguo na viatu. Huyo ni mjukuu. Lakini mwaka huohuo bibi naye yuko hai (kafa 1360), naye ana wahasibu wake wanaoandika mpaka matumizi ya jikoni, na vitabu vyake vingi vimebaki. Kwa hiyo ukimkuta mtu anakwambia Chaucer alikuwa kijana wa nyumbani kwa yule mwanzilishi wa Clare College, ujue kasoma jina tu akaridhika.

Kama mkeo anatokea kwa mmoja wao nadhani atakuwa wa pili, ndo mwenye uzao uliosambaa. Na kumfuatilia huyu, kiukweli, sahau kutafuta cheti cha kuzaliwa, hakuna kitu kama hicho. Tafuta ardhi. Mtu anayeshikilia ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa, afisa wa mfalme anakusanya wanaume wa eneo, wanaapa, wanaulizwa marehemu alikuwa na nini, kafa lini, mrithi nani na ana miaka mingapi. Majibu yanaandikwa kwenye ngozi yanapelekwa serikalini, na mengi yapo mpaka leo Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa yao. Maandishi hayo yanaitwa inquisition post mortem. Mimi nimezishika, unaingia na penseli tu, kalamu marufuku, unaletewa kijipande cha ngozi chenye amri ya mfalme kimeshonewa na ngozi kubwa yenye majibu, Kilatini cha kukatakata maneno, na kwa chini unaona vile vikia vya ngozi vya kuwekea mihuri ya walioapa. Ila huna haja ya kuanzia huko, muhtasari wa Kiingereza ulishachapwa zamani na juzuu nyingi unazisoma bure British History Online au Internet Archive. Angalizo moja, wakisema mrithi ana "miaka 22 na zaidi" usigeuze ukaandika mwaka wa kuzaliwa, wale wazee walikuwa wanakadiria.

Sasa kwa Elizabeth huyu wa pili hiyo ngoma ilianzia Bannockburn, Juni 1314. Kaka yake Gilbert, kijana, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi nzima, kauawa pale na hana mtoto. Mjane wake Maud (naye ni de Burgh, dada yake John, hizi familia mbili zilibadilishana mabinti) akasema ana mimba. Poa, wakasubiri. Ikapita miezi tisa, ukapita mwaka, ukapita wa pili, mimba bado ipo! Mfalme Edward II hakuwa na haraka kwa sababu mali ikiwa haijagawanywa iko mikononi mwake, na mpaka 1317 ndo urithi ukagawanywa mafungu matatu kwa dada watatu, Eleanor, Margaret na Elizabeth. Huo mvutano umetuachia maandishi kibao, ndo maana ndoa na uzazi wa hawa akina dada hauna ubishi.

Mti wa binamu ulikuwa na dada wa nne na wa tano. Na kweli wapo, Isabella na Joan, ila ni wa mke wa kwanza wa baba yao, na hawakupata kitu, kwa nini? Kwa sababu 1290 mzee Gilbert alipomuoa binti wa mfalme alilazimika kurudisha ardhi yake yote kwa mfalme kisha akapewa upya yeye na Joan kwa pamoja, irithiwe na watoto watakaozaa wao wawili. Mkataba mmoja tu huo, watoto wa mama mwingine nje. Na Isabella huyo chunga sana, zama zile mwandishi mmoja anaandika Isabella mwingine Elizabeth kwa mtu yuleyule, kwa hiyo angalia mume ni nani na kiwanja kipi.

Waume wa Elizabeth walikuwa watatu, John akafa 1313, Theobald de Verdun akamchukua kwa nguvu kutoka Bristol mwanzoni mwa 1316 na kabla mwaka haujaisha kashakufa, halafu Roger Damory, kipenzi wa mfalme, aliyeasi akafa 1322. Hapo bibie akagoma kuolewa tena, na jina alilobaki nalo ni la mume wa kwanza. Ukimtafuta kama Damory utahangaika. Hata ngao ya Clare College mpaka leo ni chevroni (mistari yenye umbo la V iliyopinduliwa) tatu nyekundu za baba yake pembeni na msalaba mwekundu wa de Burgh, na pindo jeusi lenye matone ambayo watu wanasema ni machozi ya ujane.

Watoto watatu, kila mume mmoja. William anakupeleka kwa mjukuu Elizabeth, kwa Philippa, kwa akina Mortimer mpaka mfalme Edward IV. Isabella de Verdun aliolewa na Ferrers wa Groby, huko ndo kwenye damu ya Lady Jane Grey, yule malkia wa siku tisa wa Uingereza. Elizabeth Damory aliolewa na Bardolf na mama yake kamkumbuka kwenye wosia wa 1355.

Kwa hiyo muulize shemeji mti wake unapita kwa yupi, halafu mwambie akuonyeshe ushahidi wa kati ya 1500 na 1650, maana huko ndo mkulima anapounganishwa na baroni kwa kufanana jina tu, na rejista za parokia zenyewe zimeanza 1538 na nyingi za mwanzo zimepotea. Tafuta wosia, tafuta kesi za ardhi. Na kama mti unapita kwa mtoto wa nne wa Elizabeth, kata hapohapo.