Asilimia Tisini ya Watoto Gani?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki limeuliza: kama halmashauri yetu ingeruhusiwa kuweka lengo moja tu la kuinua ufaulu wa wanafunzi, tungependa liwe lipi? Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha darasa la kwanza na la pili katika shule za msingi za serikali. Sasa nimestaafu, na ni mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwetu. Lengo langu ni hili: kila mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza aweze kusoma habari fupi ya Kiswahili na kuielewa kabla hajaingia darasa la tatu, na asilimia itakayotangazwa ikokotolewe kwa idadi ya walioandikishwa, wakiwemo walioacha njiani.

Maneno ya mwisho ya lengo hilo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Halmashauri zetu nyingi huweka lengo la namna moja, nalo ni kupandisha ufaulu wa darasa la saba kutoka asilimia hii hadi ile. Lengo hubandikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu, husomwa kwenye kikao cha tathmini, na mwisho wake ni vyeti na vikombe. Lakini hesabu yenyewe hugawa waliofaulu kwa waliofanya mtihani. Chukueni mfano wa shule iliyoandikisha watoto 120 darasa la kwanza. Miaka saba baadaye wanaofanya mtihani ni 70, na wanaofaulu ni 63. Ubao utasema asilimia 90 na mwalimu mkuu atapigiwa makofi. Ukigawa 63 kwa 120 unapata asilimia 52 na nusu. Wale 50 wako wapi? Baadhi wamehamia shule nyingine, na hao wafuatiliwe huko waliko. Wengine wamerudishwa darasa. Wengine wanachunga, wengine wako mjini wakilea watoto wa watu. Hakuna hata mmoja wao anayeonekana kwenye ile asilimia.

Jambo hili limewahi kupimwa kwa Tanzania nzima. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na mwaka huohuo elimu ikaingizwa katika mpango wa serikali ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Malengo yalikwenda mbio: ufaulu wa asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014, asilimia 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa nafasi, kila moja ikajua ni ya ngapi katika wilaya yake. Watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walifuatilia mtihani wa darasa la saba kabla na baada ya kupangwa huko. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao zilipanda kweli, na sipendi jambo hilo lipuuzwe, maana linaonyesha kwamba walimu wakifuatiliwa wanaweza. Lakini watafiti hao waligundua pia kwamba shule zilianza kuwaengua baadhi ya watoto wasifike darasa la saba.

Aliyeishi ndani ya shule zetu anajua hilo hufanyikaje. Mtoto wa darasa la sita huambiwa arudie. Mtoro hafuatwi nyumbani, kwa sababu kutokuwepo kwake kumekuwa nafuu. Katika shule moja niliyofundisha, mama mmoja aliitwa ofisini akaelezwa kwa upole kwamba mwanawe "atatuangusha", na ingefaa atafutiwe ufundi. Yule kijana alikuwa hajui kusoma. Kwa hesabu ya shule alikuwa mzigo. Kwa hesabu yangu alikuwa mtoto aliyekaa madarasani miaka sita bila mtu kumfundisha silabi, na deni hilo tulikuwa nalo sisi walimu wote tuliopita mbele yake.

Siwalaumu sana wakuu wa shule. Wanabanwa, na anayebanwa hutafuta pa kupumulia. Februari 2009 mkuu wa wilaya ya Bukoba aliamuru walimu wa shule za msingi wachapwe viboko na polisi, mojawapo ya sababu ikiwa matokeo mabaya ya mitihani. Rais Kikwete alimfukuza kazi, na haki ilitendeka. Viboko vimekoma, ila fedheha imebaki: mwalimu kusimamishwa mbele ya wenzake, shule kukabidhiwa kinyago kwa kushika mkia. Baraza la Mitihani lilifanya jambo la heshima Januari 2023 lilipoacha kutangaza shule kumi bora. Ningependa wilaya nazo ziige.

Kwa nini basi nang'ang'ania darasa la pili? Kwa sababu kuanzia darasa la tatu vitabu vyote vimeandikwa kwa kudhani kwamba mtoto anasoma. Asiyesoma hunakili ubaoni. Daftari lake ni safi, herufi zake nzuri, mzazi anafurahi, na mwandishi mwenyewe hajui ameandika nini. Nimewaona wengi wa aina hiyo, na wengine wana akili kali ajabu: wanakariri hadithi nzima kutoka kwa wenzao na kuisimulia wakiwa wameshika kitabu. Ukiwafunikia picha, wananyamaza. Watafiti wa mpango uitwao Uwezo walipoanza kuwapima watoto nyumbani mwaka 2010, kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, walikuta takriban watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu wanaweza kuisoma kwa Kiswahili. Kwa wanaomaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano alikuwa hawezi. Serikali ilisikia. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ukajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na miradi kama EQUIP-T na Tusome Pamoja ikafundisha walimu katika mikoa kadhaa. Nilihudhuria mafunzo ya KKK, na nathubutu kusema yalikuwa mafunzo bora kuliko yote niliyopata tangu chuoni: tulirudi tukifundisha sauti kabla ya jina la herufi, na watoto wakashika upesi.

Kisha ada na michango vikaondolewa kuanzia Januari 2016, watoto wakafurika. Ninaifurahia sera hiyo kwa moyo wote. Lakini mwongozo unasema wanafunzi 45 kwa chumba, na walimu wa darasa la kwanza tukajikuta na zaidi ya mia. Kati ya hao kuna wasiojua Kiswahili kabisa. Mtoto aliyekulia kwa Kisukuma kule Simiyu, au kwa Kigogo vijijini Dodoma, anakutana na mwalimu, herufi na lugha siku moja. Mpango wa Utayari, uliowapa watoto wa namna hiyo wiki kadhaa za michezo na hadithi chini ya msaidizi anayetoka kijijini hapohapo, ulikuwa jibu la busara, na halmashauri inaweza kuuendeleza kwa gharama ndogo.

Na tunampeleka nani kwenye chumba hicho? Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katika shule nyingi mwalimu hodari hupewa darasa la saba, maana huko ndiko kwenye kikombe. Darasa la kwanza huenda kwa anayekaribia kustaafu, mgonjwa, au mgeni ambaye hajui pa kuanzia. Darasa la saba lina kambi, lina masomo ya jioni, lina moko, yaani mitihani ya majaribio, ya kata, ya wilaya na ya mkoa. Darasa la kwanza wanaondoka saa tano asubuhi na njaa yao. Kama mtu amekosa msingi, kambi ya wiki sita kabla ya mtihani itamfundisha tu kubahatisha vizuri.

Kuna mji mmoja Brazili ambao watu wa halmashauri zetu wangesoma habari zake. Unaitwa Sobral, uko jimbo la Ceará, kaskazini mashariki, eneo la ukame na umaskini. Una wakazi wapatao laki mbili, ukubwa unaolingana na halmashauri zetu nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viongozi wake walipima watoto wakakuta karibu nusu ya waliomaliza darasa la pili hawawezi kusoma. Wakaweka lengo la kusoma katika madarasa ya mwanzo, na mambo mengine yakalifuata. Wakuu wa shule wakaanza kuchaguliwa kwa uwezo, ukada ukawekwa kando. Walimu bora wakapelekwa madarasa ya mwanzo. Mji wenyewe ukawa unapima kila mtoto mara mbili kwa mwaka, bila kungoja mtihani wa taifa. Mwaka 2005 Sobral ilikuwa ya 1,366 katika kipimo cha elimu cha Brazili. Mwaka 2017 ilikuwa ya kwanza nchi nzima.

Ninachokipenda zaidi ni kipimo chenyewe. Wabrazili huzidisha alama za mtihani kwa kiwango cha watoto wanaovuka madarasa. Ukimkaririsha mtoto darasa ili apotee kwenye takwimu, alama ya shule yako inashuka. Na shule ambayo watoto wake hawakufika kwenye mtihani kwa kiwango kinachotakiwa haitangaziwi matokeo. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa kule ana sababu ya kumfuata mtoro nyumbani.

Sasa niseme ningetaka iweje hapa kwetu. Mwezi Machi na mwezi Oktoba, kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili akae na mtu mzima kwa dakika tano hivi asome kwa sauti: sauti za herufi, silabi, maneno, sentensi, kisha habari fupi yenye maswali mawili. Hakuna karatasi ya kuchagua jibu, hakuna kubahatisha. Wapimaji wawe Maafisa Elimu Kata, na wabadilishane kata ili asiwepo anayejipima mwenyewe. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, warudie kwa shule chache bila taarifa. Baada ya kipimo, watoto wapangwe kwa kiwango chao kwa saa moja kila siku, wa silabi na wa silabi, wa sentensi na wa sentensi, hata kama mmoja ni wa darasa la kwanza na mwingine wa la tatu. Mwalimu aliyewahi kupanga watoto hivyo anajua mtoto aliyezubaa mwezi mzima anavyoweza kuamka ndani ya wiki.

Fedha? Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na 6,000 kati yake huingia kwenye akaunti ya shule. Ni kidogo, na iongezwe. Lakini fedha peke yake haisomeshi mtoto. Utafiti wa KiuFunza, uliofanywa na shirika la Twaweza na wenzao katika shule 350 za wilaya kumi mwaka 2013 na 2014, ulizipa baadhi ya shule ruzuku kamili na hapakuwa na ongezeko la kujifunza. Palipokuwa na ruzuku pamoja na zawadi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyeweza kusoma na kuhesabu, watoto walipanda. Mimi nisingependa kila kitu kigeuzwe bakshishi. Ningeanza na heshima: mwalimu wa darasa la kwanza apewe nyumba ya shule iliyopo, na jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya kupandishwa daraja. Na uji wa saa nne kwa watoto, ambao kamati za wazazi zinaweza kuusimamia kama mavuno ni mazuri. Kwenye ukame halmashauri isaidie.

Wapo watakaosema hata lengo hili litachezewa. Litajaribiwa, bila shaka. Ndiyo maana ninasisitiza idadi ya walioandikishwa ifungwe kwa majina, tarehe 31 Machi, na isiguswe tena. Mtoto aliyehama aondolewe tu pale shule iliyompokea itakapothibitisha kwamba amekaa darasani kwao. Aliyekufa, Mungu amrehemu, aandikwe hivyo. Wengine wote wabaki kwenye hesabu, na kila mmoja awe na maelezo mbele ya jina lake.

Wazazi wenzangu wataniuliza kuhusu darasa la saba, kwa sababu ndilo lango la sekondari wanalolijua. Nawaelewa. Lakini mtoto anayesoma vizuri akiwa na miaka minane atakutana na mtihani huo akiwa amesoma vitabu vya miaka mitano. Asiyesoma atakutana nao akiwa amenakili vya miaka mitano. Hakuna afisa elimu atakayeziba pengo hilo mwezi Agosti.

Vitabu vya uandikishaji vya mwaka huu viko tayari kwenye makabati ya walimu wakuu. Naomba Afisa Elimu Msingi wa halmashauri yetu aagize nakala za majina ya darasa la kwanza na la pili, shule zote, kabla ya likizo ya Juni, na kila kamati ya shule ipewe orodha yake. Sisi wa vitongojini tunajua nani amebaki nyumbani na kwa sababu gani.